Timu Isiyonyamaza: Kuanzisha Mpira wa Kikapu wa Wasichana Shuleni kwa Njia ya Pat Summitt

Mechi yetu ya kwanza tuliicheza ugenini, mwezi wa Februari, jua la saa nane likichoma saruji. Wenyeji walipiga vigelegele tangu mpira uliporushwa juu. Wasichana wangu watano walicheza robo zote nne bila mmoja kumwita mwenzake jina. Mpinzani akipita katikati, kila mmoja alidhani ni wa mwingine. Mpira ukipotea, walitazama chini, kila mtu na viatu vyake. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimewafundisha pasi, kudunda mpira na leyapu, yaani kukimbilia pete na kuuweka mpira kwa karibu. Kuongea sikuwafundisha, maana sikujua kwamba nako kunafundishwa.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya kutwa upande wa Luanda, Kaunti ya Vihiga, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Ninamwandikia mwalimu aliyekabidhiwa timu ya wasichana kwenye kikao cha walimu kwa sababu hakuna mwingine aliyeinua mkono. Utapewa mpira mmoja uliochakaa na baraka za mwalimu mkuu. Unaweza kuanza na hivyo.

Aliyenifungua macho ni mwanamke wa Tennessee, Marekani, ambaye nilimjua kwa video na maandishi tu: Pat Summitt. Alifundisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee kwa misimu 38, tangu 1974 hadi 2012. Alishinda mechi 1,098, akapoteza 208, akatwaa ubingwa wa vyuo wa taifa lile mara 8. Watu hukimbilia hesabu hizo. Mimi nakuomba ushike zile za mwanzo. Alikabidhiwa timu akiwa na miaka 22, baadhi ya wachezaji akiwazidi kwa mwaka mmoja tu, kwa mshahara wa dola 250 kwa mwezi. Jezi alifua mwenyewe. Gari la timu aliendesha mwenyewe. Jezi zenyewe zilikuwa zimenunuliwa kwa pesa za kuuza donati. Mechi yake ya kwanza, Desemba 1974, ilitazamwa na watu 53, na alifungwa na Chuo Kikuu cha Mercer 84 kwa 83.

Mwalimu, hali hiyo unaifahamu vizuri. Basi tuanze.

Pete na uwanja

Pete yetu ilichomelewa na fundi wa jua kali kule Kibuye, Kisumu. Usimwambie fundi akutengenezee goli la kikapu kisha ukaenda zako. Yetu ya kwanza ilikuja na upana wa sentimita 40, na kwa muda mrefu wasichana walikosa mitupo ambayo ingekuwa vikapu, wakaamini kwamba hawajui kutupa. Upana wa ndani ni sentimita 45. Nenda na mipira miwili namba 6, ambayo ndiyo saizi ya wanawake. Ukiiweka ubavu kwa ubavu juu ya pete, inakaribia kupita pamoja lakini inakwama kidogo tu. Hapo umepata kipimo chako bila rula.

Pete ikae mita 3.05 kutoka ardhini. Pima baada ya saruji ya nguzo kukauka, maana nguzo hushuka. Ubao uwe mita 1.80 kwa 1.05, na ukiupaka rangi ya mafuta utahimili mvua zetu. Mstari wa mitupo huru, ile anayopewa aliyechezewa faulo, uchore mita 4.6 kutoka usawa wa ubao. Nunua mipira ya raba, kwa sababu ile ya ngozi italiwa na saruji kabla muhula haujaisha. Kama huna nafasi ya uwanja kamili wa mita 28 kwa 15, nusu uwanja inatosha mwaka wa kwanza. Summitt alipokuwa msichana, wasichana wa shule za sekondari za Tennessee walicheza sita kila upande, watatu wa kushambulia na watatu wa kulinda, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati. Kikapu chenyewe alijifunzia darini, kwenye ghala la nyasi za ng'ombe, akicheza na kaka zake usiku baada ya kazi za shamba.

Nenda nyumbani kwao

Kabla ya kuwapa mpira, ongea na waliowazaa. Hatua hii walimu wengi huiruka, halafu Machi wanashangaa timu imebaki na watu wanne.

Shule za Clarksville, ambako Summitt angesoma, hazikuwa na timu ya wasichana. Baba yake, mkulima wa tumbaku na ng'ombe wa maziwa, alihamisha familia nzima hadi Henrietta, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, ili binti yake acheze. Kaka zake walilipiwa chuo kwa ajili ya michezo. Yeye alilipiwa karo na wazazi, kwa sababu wakati ule hakukuwa na ufadhili wa mchezaji msichana. Huwa nawasimulia wazazi habari hiyo bila kuongeza chumvi. Mkulima anamwelewa mkulima mwenzake.

Nyumba ya kwanza niliyoingia ilikuwa upande wa Esibuye. Mama alinikaribisha, akaniletea kiti nje, akasema, "Mwalimu, karibu sana. Lakini huyu akibaki shuleni hadi giza, maji atateka nani?"

"Mama, naomba Jumanne na Alhamisi tu. Saa kumi na moja na nusu atakuwa njiani, na hatatembea peke yake."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi saa mbili hadi saa nne asubuhi. Atakuja akiwa ameshateka maji."

Akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Umesikia? Maji kwanza."

Nenda na saa kamili, usiende na ahadi. Mweleze mzazi ni nani atatembea na nani, na kwa njia ipi. Mwambie kaptula ni nyeusi na inafika gotini. Weka pedi kwenye begi la timu, pamoja na kaptula moja ya akiba, na wasichana wote wajue ziko mfuko upi ili asiwepo wa kuomba. Kama una binti wa Kiislamu, na ukielekea Mumias utawapata wengi, mhakikishie mama yake kwamba shirikisho la kikapu la dunia liliruhusu vazi la kichwa tangu 2017. Na muda uliosema ndio uushike. Siku utakapowaachilia saa kumi na mbili na robo, utakuwa umevunja neno katika nyumba kumi na mbili kwa wakati mmoja.

Neno la kujibu

Sasa tufike palipo na kazi yenyewe.

Katika timu ya Summitt, kocha alipomkosoa mchezaji, mchezaji alipaswa kujibu kwa sauti kwamba ni ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa. Alipomsifu, alijibu kwamba ni pointi mbili. Kwa njia hiyo kocha alijua amesikika. Na mchezaji alijifunza kwamba kukosolewa ni kama mtupo uliokosa: mpira umerudi, udake, ucheze tena.

Nilipousoma utaratibu huo nilifikiria wasichana wangu. Kwetu msichana mwenye adabu akikemewa na mkubwa huinamisha kichwa na kunyamaza. Nyumbani hiyo ni heshima, nami nililelewa hivyo hivyo. Uwanjani kile kichwa kilichoinama hakiniambii kitu. Sijui kama amesikia, ameumia moyo, au ameamua kutocheza tena. Na wenzake nao hawajui.

Kwa hiyo niliwakalisha kivulini chini ya mgreviria, nikawaambia kwamba ndani ya mistari ya uwanja heshima ni kujibu. Nikikosoa, jibu ni "Ribaundi!" Nikisifu, jibu ni "Mbili!" Nilimweleza naibu wa mwalimu mkuu vilevile, na nakushauri ufanye hivyo mapema, maana sisi tulilalamikiwa kwamba wasichana wa kikapu wanamfokea mwalimu wao.

Wa kwanza kukosolewa alikuwa msichana wa kidato cha pili, mrefu, ambaye nilimweka chini ya pete. Nilimwambia, "Umemwacha mtu wako mgongoni." Akainama. Vidole vyake vikaanza kukunja pindo la jezi, akikunja na kukunjua. Nikasubiri. Mpira ulikuwa kwapani mwangu na wengine tisa wamesimama jua kali. Midomo ikacheza bila sauti. Nikamwambia sijasikia. Akasema kwa mnong'ono. Nikamwambia pete iko mbali, nayo pia haijasikia. Mara ya tatu neno likatoka, "Ribaundi!", likagonga ukuta wa maabara. Mchezo ukaendelea, na mpira uliofuata, bila mtu kumwambia, akampigia kelele mlinzi wa mbele: "Nyuma yako!" Ilikuwa sauti ya kwanza ya ulinzi niliyowahi kusikia katika timu yangu. Nilisimamisha mazoezi nikamsifu, naye akanijibu "Mbili!" huku akifuta uso kwa bega.

Jambo moja lilinishangaza. "Ribaundi" waliizoea kwa wiki mbili. "Mbili" iliwachukua karibu muhula mzima. Kuna wasichana ambao kusifiwa mbele za watu kunawasumbua kuliko kukemewa, kwa sababu hawajazoea. Summitt naye alilelewa na baba mchache wa maneno; alikuwa na miaka 43, bingwa tayari, baba yake alipomkumbatia kwa mara ya kwanza. Usiwaachie wasichana wako wakwepe lile jibu la pili. Sifa isiyojibiwa irudie hadi ijibiwe.

Mazoezi ya sauti yanakwenda hivi. Wiki ya kwanza simamisheni duara. Hakuna pasi inayotoka mkononi kabla ya anayepasi kumwita mwenzake jina, na anayeitwa kujibu "Hapa!" Jina likikosekana, mpira unarudi ulikotoka. Dakika kumi kila siku ya mazoezi, kabla ya jambo lolote lingine.

Wiki ya pili ingia kwenye ulinzi, watatu kwa watatu, kwa maneno matatu tu. Anayemlinda mwenye mpira anasema "Mpira!" na harudi kimya mpaka mpira uondoke kwa mtu wake. Aliye nyuma yake anasema "Nipo kulia!" au "Nipo kushoto!", ili wa mbele ajue amsukumie mpinzani upande gani. Anayeona mpinzani amesimama kumziba mwenzetu anasema "Ukuta kulia!" au "Ukuta kushoto!" Hapa ndipo wanaelewa kwa mwili wao. Mlinzi anayefuata mpira hana macho kisogoni. Akigongana na ukuta ambao mwenzake aliuona akanyamaza, kifua kinamwambia kilichokosekana. Sharti langu ni hili: kikapu kikiingia tunaendelea, kimya kikiingia tunasimama na kuanza upya.

Wiki ya tatu nawaleta wavulana. Summitt alitumia wanafunzi wanaume kufanya mazoezi na timu yake, kwa kuwa walikuwa na kasi na nguvu zaidi ya wapinzani ambao wangekutana nao. Sisi tunachukua wavulana watano wa kidato cha tatu wenye nidhamu. Kazi yao ni kukaba kwa nguvu na kupiga kelele, na wasichana lazima wasikiane juu ya kelele hiyo. Mvulana anayecheka kosa anaondoka siku hiyo hiyo.

Viti vya mbele

Wachezaji wa Tennessee walitakiwa kukaa katika safu tatu za mbele darasani. Aliyekosa kipindi bila ruhusa hakucheza mechi. Na kila mchezaji aliyemaliza miaka yake ya kucheza chini ya Summitt alihitimu. Kwangu hilo linazidi yale mataji 8, na nalisema kama mwalimu aliyeona wasichana wakiacha shule kidato cha tatu.

Nimeichukua kanuni hiyo kama ilivyo, nikaongeza moja: kila mchezaji aulize au ajibu swali moja darasani kila siku, na mwalimu wa somo atie sahihi kwenye daftari dogo. Sauti ya uwanjani na ya darasani inatoka koo moja.

Kanuni hii itakuuma siku moja, ujiandae. Mwaka wa pili nahodha wangu alikosa vipindi viwili vya Hisabati siku tatu kabla ya mechi ya kaunti ndogo. Alikuwa amelala bwaloni, amechoka. Hakuwa na ruhusa. Nilimweka benchi akiwa amevaa jezi, mechi nzima, na tulipoteza kwa pointi tano. Alilia. Mimi nililia nyumbani. Jumatatu alikuwa safu ya mbele, na daftari lake lilikuwa na sahihi mbili.

Magoti

Wasichana huumia kano za goti kuliko wavulana wanaocheza mchezo huo huo, hasa wakati wa kutua na kugeuka ghafla. Summitt mwenyewe aliumia goti vibaya akiwa mwaka wa mwisho chuoni, 1974, na alirudi uwanjani akapata medali ya fedha ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 akiwa mchezaji. Si kila mtu atapata madaktari aliowapata yeye, hivyo kinga ni lazima. Kila mazoezi, warukie mahali pamoja mara kumi na watue kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, yakielekea vidole vya miguu. Goti linaloingia ndani kuelekea lenzake lisahihishe palepale. Tua kimya, nawaambia. Hapo tu ndipo napenda kimya. Kiatu kilichokwisha soli hakiingii uwanjani.

Na wafundishe kusema wanapoumwa. Wanaficha, wakiogopa kupoteza nafasi. Agosti 2011 Summitt alitangaza hadharani kwamba madaktari wamegundua ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaofuta kumbukumbu, akiwa na miaka 59, na akafundisha msimu mmoja zaidi kabla ya kustaafu. Alifariki Juni 2016. Bibi yangu alipoanza kusahau majina yetu, sisi tulimfungia chumba cha nyuma wageni walipokuja. Nimewasimulia wasichana yote mawili, la Summitt na la bibi. Baada ya hapo mmoja alinionyesha kifundo cha mguu kilichovimba ambacho alikuwa amekificha kwa soksi mbili.

Mbinu na safari

Kuhusu mbinu, mwaka wa kwanza cheza ulinzi wa mtu kwa mtu na uwe na mipango miwili tu ya kushambulia. Timu za Tennessee zilijulikana kwa ulinzi na ribaundi, na hayo mawili hayahitaji kimo kikubwa wala vifaa. Mtupo ukienda juu, kila mmoja amtafute mtu wake, amzibe kwa mgongo, ndipo atazame mpira.

Michezo ya kikapu ya shule huchezwa muhula wa kwanza, kwa hiyo anza mazoezi muhula wa tatu wa mwaka uliotangulia. Mvua kubwa hushuka kuanzia Machi na kwetu hupenda kuja alasiri. Siku hizo tumia darasa, sukuma madawati ukutani, mfanye duara la majina na zoezi la kutua. Jezi zifue wewe na nahodha, Jumapili, zianikwe ndani ya uzio. Ukimpa kila mtu aende na yake, siku ya mechi namba 7 itakuwa imebaki kwenye kamba huko Esibuye.

Kwenye matatu beba maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha. Tulirudi kwa wale wenyeji wetu wa kwanza msimu uliofuata, uwanja uleule, vigelegele vilevile. Tulifungwa 31 kwa 27. Lakini robo ya nne mwalimu wao alisimama kwenye mstari akiwaamuru wachezaji wake waongee, akitunyoshea kidole sisi. Njiani tulisimama Majengo kununua ndizi mbivu, na nilipouliza nani anataka maji, mikono kumi na mbili iliinuka bila neno, maana sauti zilikuwa zimekwisha. Jumatatu mwalimu wa Hisabati alimuuliza swali yule msichana mrefu wa chini ya pete. Alisimama, akajibu kwa sauti ya kukwaruza, na jibu lilikuwa sahihi.